Kufuli kwenye kabati la unga: nilikosea wapi?

Mgeni wa Ilazo ameuliza:

Ndugu zangu, mbukwenyi. Salamu hii nimefundishwa na mama mkwe wangu, na yeye ndiye sababu ya mimi kuleta swali langu hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mgogo, na tulihamia Dodoma mwaka 2019 ofisi yetu ilipoifuata Serikali. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, binti anayetusaidia kazi ambaye kwao ni Mpwapwa, na mama mkwe, aliyekuja kutoka kijijini Chamwino baada ya mavuno ya mwaka jana ili atibiwe macho, akabaki. Jikoni wanashinda binti na mama. Mimi hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini Mtumba na kurudi jua limekwishazama, kwa hiyo siku tano katika juma ninakula, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, chakula ambacho sikuona kikipikwa.

Mwezi wa pili nilinunua mahindi ya Kibaigwa, kilo 60 kamili kwa mizani, nikampa binti ayapeleke mashineni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: tukisonga ugali wa kilo mbili kwa siku, mchana na usiku, tutafika mwisho wa mwezi. Unga ukaisha siku ya ishirini na mbili.

Sikumwuliza mtu. Jumamosi iliyofuata nilinunua kufuli, fundi akapiga komeo kwenye kabati la chakula, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayepima unga, mafuta na sukari alfajiri na kuviacha mezani kwenye mabakuli. Binti hakusema neno. Mama mkwe naye hakusema neno, ila alikuwa na desturi ya kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni kila saa kumi jioni, ungo mapajani, akichambua karanga za kutia kwenye mlenda. Tangu kufuli liingie, ungo umeangikwa ukutani na mama hushinda sebuleni mbele ya televisheni ambayo, kwa macho yale, sidhani kama anaiona vizuri.

Wiki iliyopita binti alinipigia simu nikiwa kikaoni, akanong'ona: "Dada, samahani, chumvi imebaki kabatini." Siku ile watoto walikula ugali na maharage yasiyo na chumvi, na jioni yule mdogo akaniuliza, mbele ya bibi yake, kama na chumvi nayo huwa inaibwa.

Naomba ushauri wenu, hasa ninyi mnaoishi na wazazi na wasaidizi chini ya paa moja. Je, nilikosea kutaka kujua chakula cha nyumba yangu kinakwenda wapi? Na kama nikilitoa kufuli kimya kimya, kama nilivyoliweka, mambo yatarudi yalivyokuwa?

Mzee wa Mashine amejibu:

Dada, kabla hatujafika kwenye mambo ya kuaminiana, naomba unijibu swali moja la kazi: mahindi yale yalikobolewa, au yalisagwa dona?

Nakuuliza hivi kwa sababu nimeendesha mashine ya kusaga hapa Nkuhungu kwa miaka mingi, na ugomvi wa namna hii huanzia kwangu kabla haujafika majumbani. Ukisaga dona, kilichoingia ndicho kinachotoka, ukiacha kidogo kinachoganda ndani ya mashine na vumbi linalopeperuka. Ukikoboa, mashine huvua ganda na kung'oa kiini, na vyote viwili huanguka upande wa pili vikiitwa pumba. Kilo 100 za mahindi zikikobolewa zitakupa sembe kilo 70 hadi 80, kutegemea mashine na kutegemea mteja anataka unga uwe mweupe kiasi gani. Chukua zile kilo 60 zako, toa robo na ushee, kisha gawanya kwa mbili. Uniambie unapata siku ngapi.

Nimewahi kumwona mtoto akichapwa mlangoni pa mashine yangu kwa unga "uliopungua", na unga wenyewe ulikuwa ndani ya gunia la pumba, hatua tatu kutoka pale alipokuwa akilia. Mama yake alikuwa mtu mwema, tena mcha Mungu, na kosa lake lilikuwa kutokujua namna mashine inavyofanya kazi. Tangu siku ile huwa ninapima mbele ya mteja mahindi yanapoingia, na unga na pumba vinapotoka, hata kama foleni ni ndefu na watu wananung'unika.

Mgeni wa Ilazo:

Yalikobolewa. Nimesoma jibu lako nikiwa kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Jibu la hesabu yako ni siku 22.

Na kuna jambo baya zaidi. Jioni ile ya mashine, binti aliniambia nikiwa navua viatu: "Dada, pumba nimempa mama jirani, awape kuku wake." Nikaitikia "sawa" bila kuinua macho kwenye simu. Maana yake ni kwamba nilipewa taarifa kamili ya unga wangu siku ya kwanza kabisa, na mdomo wangu mwenyewe ukaipokea.

Bibi wa Kondoa amejibu:

Mwanangu, hesabu imekwisha, na aibu itapita. Mimi naomba nirudi kwenye ungo, kwa sababu katika maelezo yako umeutaja kama kitu cha kupitishia jioni, na nina hakika mama mkwe wako hauchukulii hivyo.

Nilifundisha sayansi kimu hadi nilipostaafu, na nawaambieni kwamba katika mikoa yetu hii ya kati kuchambua karanga ni kazi yenye uzito. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka sawasawa, au zilizoanikwa juu ya udongo mtupu, au zilizopasuka na kutobolewa na wadudu. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Kuchemsha hakuiondoi, hata ukiacha chungu jikoni kutwa nzima. Ikiingia kwa wingi huua ini kwa siku chache, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Katika jiko la nyumbani, mahali tulipo na uwezo wa kuipunguza ni pale kwenye ungo, kabla ya kinu: kutoa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyovunjika. Karanga ikishapondwa na kumwagwa ndani ya mlenda, hakuna jicho litakaloitambua tena.

Sasa fikiria mlenda ule unaoukuta mezani usiku, umepekechwa vizuri, una karanga za kutosha, unavutika kutoka bakulini hadi mdomoni. (Najua watu wa pwani huwachukua muda kuuzoea, kwenu mboga isiyotiwa nazi ni ya mgonjwa.) Unapochovya tonge lako la kwanza, unategemea kwamba kuna mtu alikaa mlangoni kwenye mwanga akazikagua karanga zote moja moja, na hakuchoka kabla hajafika mwisho wa ungo. Mama alikuwa akikufanyia kazi hiyo kila jioni bila kukwambia. Ndipo akaona komeo. Mimi ningekuwa yeye, ningeona nimeambiwa kwamba vidole vyangu vinaaminika kwa karanga, ila kwa unga haviaminiki.

Hata hivyo sitakuficha: mtu mwenye macho mabovu hapaswi kuchambua peke yake. Wazee huijua karanga iliyosinyaa kwa kuishika tu, kwani huwa nyepesi na yenye mikunjo, lakini rangi iliyogeuka haishikiki kwa kidole. Nyumbani kwangu tulikuwa tukichambua wawili, ungo mmoja. Mmoja anapitisha, mwenzake anapitia tena. Sikumbuki hata siku moja mtu kukasirika kwa kuwa mwenzake ameokota mbovu katika zile alizokwisha kuzipitisha. Na wewe bila shaka umeona mwenyeji anavyokaribisha kwa togwa au pombe: hunywa yeye kwanza, naye husema "natoa sumu". Hakuna mgeni anayemdhania vibaya kwa kufanya hivyo, na hakuna mwenyeji anayeona amedhalilishwa. Anafanya mbele ya watu, kwa mkono wake, na kikombe ni hicho hicho kimoja.

Kwa hiyo kutaka kujua si kosa, mwanangu. Ulitaka kujua ukiwa umewapa mgongo wanaojua.

Mhasibu wa Makole amejibu:

Natofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu naona tunaelekea kumwambia dada afungue kabati na kumwachia Mungu. Mshahara ni ule ule na bei ya mafuta ya kula sote tunaijua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jiko ni mali.

Nyumbani kwetu kuna daftari la kurasa 40 limefungwa kwa uzi kwenye msumari karibu na jiko la gesi, na kalamu yake. Kila anayefungua kitu kipya huandika tarehe: unga mfuko mpya, mafuta lita tatu, gesi mtungi mpya. Mimi ninaandika, mke wangu anaandika, na dada wa kazi anaandika. Tumelitumia miaka minne na limetuonyesha, miongoni mwa mambo mengine, kwamba mla sukari mkuu wa nyumba ile ni mimi.

Mama Lishe wa Sabasaba amejibu:

Nimesita kuandika, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa kabati.

Kwetu ni Manyoni. Nilipelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka kumi na saba, na nimepita nyumba mbili kabla sijarudi huku na kuanza kupika kwa biashara. Katika nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba alikuwa akichora mstari wa kalamu ya wino kwenye chupa ya mafuta kila asubuhi, pale mafuta yalipoishia. Jioni hulitazama lile chupa kabla hajanitazama mimi. Nataka niseme ukweli ambao sijawahi kuuandika popote: katika nyumba ile niliiba. Niliiba sukari, si kwa njaa, maana nilikuwa nashiba. Niliiba kwa sababu nilikuwa nimeshahesabiwa kuwa mwizi tangu siku ya kwanza, nikaona ninalipa deni nisilolikopa. Kuhusu mafuta, nilijifunza haraka kwamba ukiongeza maji kijiko kimoja yanazama chini na mstari unabaki pale pale. Nilivyokaanga samaki siku ile, mafuta yaliruka hadi ukutani, na mkono huu una alama mpaka leo.

Katika nyumba ya pili niliambiwa siku ya kwanza: "Pika watu washibe, na kitu kikikaribia kuisha niambie kabla hakijaisha." Basi. Msidhani kwamba nilikuwa malaika huko. Nilikuwa nikimpelekea mlinzi wa getini wali uliobaki, na ukoko wake, kila usiku kwa miezi kadhaa bila kuomba ruhusa. Mama alipogundua alisimama mlangoni pa jikoni, akauliza kama mlinzi anapendelea maharage au mchicha, halafu akasema, "Ungeniambia, tungeongeza kibaba." Nililia usiku ule kuliko nilivyowahi kulia kwenye nyumba ya mstari wa kalamu. Tangu hapo nilimwambia kila kitu, hadi ikawa kero. Nilimwambia hata yai likipasuka.

Lakini nanyi mnaoshauri, msione ni rahisi. Leo mimi nina binti anayenisaidia kibandani, na mwezi uliopita nilijikuta nimegeuka nyuma ya sufuria ninahesabu chapati, moja, mbili, tatu, midomo inacheza, na yeye ananiona. Ilinibidi nimwambie hapo hapo: "Nahesabu kwa kuwa jana nilikosea chenji ya mteja, siyo kwa ajili yako." Ilikuwa nusu kweli. Alichonijibu ni, "Mama, tuhesabu wote." Sasa tunahesabu wote kila asubuhi kabla ya wateja wa supu hawajafika, na siku nyingine tunatofautiana, tunarudia.

Dada yangu wa Ilazo, usilitoe hilo kufuli kimya kimya. Uliliweka bila maneno, na binti wako akajaza maneno yake mwenyewe. Ukilitoa bila maneno atajaza mengine: atadhani umemtegea. Mwite, mama mkwe akiwepo, na useme kuhusu pumba kama ulivyotuambia sisi hapa. Hasa lile la kusema "sawa" huku unatazama simu.

Mzee wa Mashine:

Ninaongeza moja tu la kazi. Safari ijayo jaribu dona nusu na sembe nusu. Dona linashibisha upesi, na kile kiini tunachowapa kuku ndicho chenye mafuta na virutubisho vya mahindi. Ila usisage nyingi kwa mara moja, kwa sababu mafuta yale yale huufanya unga uharibike mapema, hasa kwenye joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Mgeni wa Ilazo:

Narudi kuwashukuru na kuwapa habari, maana si vizuri mtu aulize njia halafu asiseme kama alifika.

Jumamosi sikutoka. Niliingia jikoni saa nne asubuhi, binti akiwa anaosha vyombo, nikamwomba mama aje naye. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya adabu, nikayasahau. Nikasema tu kwamba nilidhani unga umeibwa, kwamba mwizi niliyemdhania ni yeye binti, na kwamba unga ulikuwa umekuwa pumba, nami niliambiwa siku ile ile nikawa sisikii. Binti aliendelea kusugua sufuria kwa muda. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi nilijua dada unajua kwamba pumba hutoka. Nikawa najiuliza nimefanya nini kingine." Wiki tatu nzima alikuwa akitafuta kosa lake. Hilo nitalibeba.

Mama mkwe alicheka kidogo alipoelewa habari ya mashine, akaniuliza kufuli nitalifanyia nini. Nilikuwa sijafikiria. Akapendekeza apewe yule jirani wa kuku, kwa kuwa kuna paka anayefungua mlango wa banda lake, na huko ndiko lilikokwenda. Daftari nimelinunua, nimelifunga kwa uzi kama nilivyoelekezwa; mstari wa kwanza ameuandika binti, "chumvi pakiti 1," na tarehe. Kwa mume wangu jambo hili lote lilikwisha kabla hajajua kwamba lipo, nami sijaona haja ya kumwamsha.

Saa kumi jioni mama alikuwa bado amekaa sebuleni. Nikautoa ungo ukutani, nikamimina karanga, nikaenda kukaa mimi kwenye kizingiti. Nilichambua kwa bidii kama nusu saa hivi, nikijisifu moyoni, na zile nzuri nikazisogeza upande wa juu wa ungo. Nikasikia kandambili zake. Akakaa kwenye kigoda kando yangu, akauvuta ungo hadi katikati yetu, akaanza kuzipitia zile nilizokwisha kuzipitisha, kwa vidole, uso wake ukielekea barabarani ambako watoto walikuwa wakicheza. Akaokota tatu. Akaziweka kwenye kiganja changu, akaniambia nizitazame vizuri kwenye mwanga.

Mbili nilizitambua mara moja, moja imesinyaa na nyingine ina doa jeusi kwenye ncha. Ya tatu niliigeuza na kuigeuza na mpaka leo sijaona kasoro yake. Niliitupa pamoja na wenzake.